Miji midogo ya Kusini mwa Marekani: tuukimbie mji uliopambwa kwa ajili ya watalii?

Anayetaka kuiona Kusini halisi ya Marekani huambiwa aachane na miji maarufu kwa watalii kama Savannah na Charleston, atafute mji mdogo ambao watalii hawajaujua. Ushauri huo una ukweli wake, ila unaupima mji kwa wingi wa wageni peke yake. Kipimo cha maana zaidi ni ratiba: je, hicho unachokifuata kingefanyika siku hiyo hata kama hakuna mgeni aliyetia mguu?

Mji wa Eunice, Louisiana, wenye wakazi wasiofika 10,000, unafaulu mtihani huo. Kwa miaka mingi, Jumamosi asubuhi wanamuziki wa Kicajun, yaani wa jamii ya Louisiana yenye asili ya Kifaransa, wamekuwa wakikusanyika katika duka la akodiani la familia ya Savoy, nje kidogo ya mji. Akodiani, fidla na magitaa hupigwa na wazee pamoja na vijana, na nyimbo ni za Kifaransa cha Louisiana. Hapauzwi tiketi, ila adabu zipo: pembetatu ya chuma ni moja tu kwa wakati mmoja, maana mlio wake mkali hufunika ala nyingine zote. Mambo huanza saa tatu na huisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo lala Eunice Ijumaa usiku, au Lafayette, ambako ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Wengi hukosea hapa: hufika Jumapili, wakakuta milango imefungwa, kisha wakatangaza kwamba mji hauna kitu.

Chakula nacho kina majira yake. Kamba wadogo wa maji baridi hufugwa kwenye majaruba ya mpunga, na hupatikana kwa wingi kuanzia mwanzoni mwa mwaka hadi Juni. Wakati wa Kwaresima bei huwa juu; baada ya Pasaka hushuka. Mtu mzima huagiza kilo moja na nusu hadi mbili, na hiyo si ulafi, kwa kuwa nyama ya mkiani ni sehemu ndogo tu ya uzito. Boudin, soseji ya wali na nyama, huuzwa hata kwenye vituo vya mafuta. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kununua, kwani ya kawaida huwa na nguruwe na maini yake.

Hata hivyo, mji uliopambwa nao una hoja yake, na ni nzito. Natchez, Mississippi, umekuwa ukiwatembeza wageni katika majumba ya matajiri wa pamba tangu 1932, na kwa muda mrefu simulizi zilihusu zaidi samani na magauni kuliko watu walioyajenga majumba hayo. Anayeukwepa kwa sababu hiyo ninamwelewa. Lakini mji huohuo una Forks of the Road, lililokuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya watumwa huko Kusini. Una pia nyumba ya William Johnson, kinyozi mweusi aliyezaliwa mtumwa akaachiwa huru, aliyeandika shajara kuanzia 1835 hadi alipouawa 1851, na ambaye yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Leo nyumba hiyo iko wazi kwa umma chini ya hifadhi ya taifa. Bila uhifadhi na fedha zinazoendana na utalii, mengi ya haya yangebaki magofu.

Clarksdale, Mississippi, ndio unaonipa shida kuuamua. Umechakaa, na blues, muziki wa Wamarekani weusi wa Kusini, ni yake kwa haki. Kibanda alichoishi Muddy Waters, mwanamuziki maarufu wa blues, kimo ndani ya jumba la makumbusho, kwenye stoo ya zamani ya mizigo ya reli. Lakini kuna usiku ambapo katika kumbi za muziki wageni ni wengi kuliko wenyeji. Kuta zilizobanduka rangi hazithibitishi uhalisia, na umaskini wa watu si mandhari ya kupigia picha. Ukienda, lala hapo na ule hapo, badala ya kurudi jiji la Memphis usiku uleule na fedha zako.

Mwenye siku tatu asichague upande mmoja. Akodi gari, maana bila gari safari hii haiwezekani. Alhamisi na Ijumaa asubuhi aitembelee Natchez, akianzia sokoni na kwa Johnson kabla ya majumba, kisha mchana aendeshe hadi Eunice, ambako atafika baada ya saa zisizozidi tatu.