Tuiteni kabla mpango haujaandikwa

Mikutano ya kukusanya maoni imekuwa mingi, lakini watu wanatoka humo wakinung'unika kwamba wameitwa kugonga muhuri tu. Siwalaumu. Serikali ya mkoa, jimbo au kaunti inakuja na mpango uliokwisha kupangwa, bajeti imeshagawanywa, barabara imeshachorwa kwenye ramani, ndipo mwananchi anapewa kipaza sauti kwa dakika mbili. Atasema nini? Atataja kisima kilichoharibika, ofisa ataitikia kwa kichwa, karani ataandika, na orodha ya mahudhurio itaambatanishwa kwenye ripoti iwe ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Tunabishana mno kuhusu idadi ya waliohudhuria. Mimi nauliza mengine: waliitwa lini, na walijibiwa nini?

Maofisa wengi hujitetea kwamba kuwashirikisha watu kunachelewesha kazi. Kiambu, nchini Kenya, njia ya mkato ndiyo iliyochelewesha. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitupa nje Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba kutoa tangazo na kukaa kusubiri hakutoshi. Serikali inapaswa kuhangaika kweli kweli kuwafikia watu. Nalipenda neno hilo la mahakama. Hata hivyo mahakama hufika mambo yakiwa yameshaharibika, na si kila mtu ana nauli ya kwenda huko, sembuse ada ya wakili.

Dawa iko mwanzoni mwa safari. Mwaka 1996 jimbo la Kerala, India, lilianzisha kampeni ya mipango ya wananchi. Serikali ya jimbo iliamua kwamba kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mpango wa maendeleo zitapelekwa kwenye mamlaka za chini, kisha wakazi wakaitwa kwenye mabaraza yao ya vijiji kutaja mahitaji kabla mradi wowote haujaandikwa. Ukimuuliza mtu anataka nini bila kumwambia kuna fedha kiasi gani, atakutajia kila kitu, nawe utaondoka ukisema wananchi hawajui kupanga. Mwambie kiasi kilichopo, kisha msikilize akibishana na jirani yake kama zahanati itangulie au daraja. Hapo ndipo mipango inapoanza, na kelele zake zina faida kuliko makofi ya kumkaribisha mgeni rasmi.

Jambo la pili ni jibu. Jumuiya ya wazungumzaji wa Kijerumani mashariki mwa Ubelgiji, eneo linaloitwa Ostbelgien, ina bunge lake dogo. Mwaka 2019 bunge hilo lilipitisha sheria ya kuunda baraza la kudumu la wananchi 24. Baraza huchagua mada, kisha wakazi wengine wanaopatikana kwa bahati nasibu huijadili na kutoa mapendekezo. Wanasiasa hawalazimiki kuyakubali yote, lakini wakikataa pendekezo ni lazima waeleze kwa nini. Laiti sharti hilo peke yake lingefika kwenye kila ofisi ya mipango!

Bahati nasibu nayo inatibu ugonjwa mwingine. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huvuta sura zile zile: wenye nafasi, wenye ukaribu na kiongozi, na wale wasioogopa kipaza sauti. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuja. Mama mwenye mtoto mchanga akija, anaondoka kabla zamu yake haijafika. Kisha tunaambiwa umma umesema.

Sisemi kwamba kura ya bahati nasibu inamaliza kila kitu. Jimbo la British Columbia nchini Kanada liliwakusanya wananchi 160 mwaka 2004, wakiwa na mwenyekiti wao, wapendekeze njia mpya ya kuchagua wabunge wa jimbo. Katika kura ya maoni ya 2005 karibu asilimia 58 waliliunga mkono pendekezo lao. Serikali ilikuwa imeweka kiwango cha asilimia 60, kwa hiyo halikupita. Kura iliporudiwa 2009 likaanguka vibaya. Aliyeweka kiwango ndiye aliyeshika mpini, hata baada ya wananchi kufanya kazi nzuri.

Kwa hiyo ukialikwa mkutano ujao, kabla hujasaini karatasi ya mahudhurio, waulize walioko meza kuu ni jambo gani kwenye mpango huu bado halijaamuliwa, na ni nani atatuletea majibu ya maoni yetu, kwa maandishi, tarehe gani. Wakishindwa kujibu, omba hilo nalo liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.