Using'oe kila kipuri cha amplifaya yako

Ukinunua amplifaya ya gitaa ya bei nafuu inayotumia valvu (zile chupa za kioo zinazokuza mlio), hutakawia kushauriwa uifungue, ung'oe kapasita (vihifadhi umeme) na rezista (vizuia mkondo) zote za kiwandani, uweke za maana. Kuna hata vifurushi vya vipuri vinavyouzwa vikiwa vimekamilika, na watu wanavinunua wakiamini kwamba uzuri wa sauti ni jumla ya bei ya vilivyomo. Mimi naunga mkono kabisa kufungua na kubadilisha. Ninachopinga ni kung'oa kipuri bila kwanza kuuliza kinafanya kazi gani pale kilipo.

Wanaodharau vipuri vya kawaida wanasahau historia. Fender Bassman, amplifaya ya Kimarekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo leo inasakwa kwa udi na uvumba, ilijengwa kwa vipuri vya kawaida vya sokoni. Jim Marshall na mafundi wake wa London walipoiiga mwaka 1962, walitumia transfoma na spika walizoweza kupata Uingereza, na baadaye valvu pia zikawa za huko. Spika nne za inchi 10 za Jensen zikawa spika nne za inchi 12 za Celestion. Mlio ukawa mwingine, na ukapendwa. Hakuna aliyekaa kuchagua kapasita ya kifahari.

Kabla ya kugusa chochote, jambo moja lisilo na mjadala: ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 450, na umeme huo unaweza kubaki kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Unaua. Mwaga umeme wa kapasita hizo kupitia rezista ya kiloohmu 10 yenye wati 5, kwa klipu zilizofunikwa vizuri, kisha pima kwa mita mpaka uone zimebaki volti chache tu. Kama huna mita, au hujui uweke wapi ncha zake, mpe fundi.

Sasa, kiwanda kimebana gharama wapi? Chukua tundu la kuchomekea waya wa gitaa. Katika amplifaya nyingi za bei nafuu ni la plastiki, na limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Kila unapochomeka na kuchomoa, kila mtu anapoukanyaga ule waya, nguvu yote inaishia kwenye vidoa vichache vya lehemu. Igeuze bodi, washa tochi, angalia kwa lenzi. Mara nyingi utaona mduara mweusi, mwembamba kama unywele, umeizunguka pini. Huo ni ufa. Kama amplifaya inakwaruza ukitikisa waya, ugonjwa uko hapo, na hakuna kapasita ya bei ghali itakayouponya. Weka tundu linalokazwa kwa nati kwenye kasha la chuma, uliunganishe na bodi kwa nyaya. Ikiwa la awali lilitengwa na kasha, hilo jipya nalo litenge, la sivyo utajiletea mngurumo ambao haukuwepo. Hili ndilo badiliko ninaloliheshimu kuliko yote, na linanikera kwamba kiwanda kiliweza kulifanya tangu mwanzo kwa gharama ndogo sana.

Halafu kuna mvumo, ile "shhh" inayosikika hata kabla hujagusa uzi. Kila rezista ina kelele itokanayo na joto, hiyo huikwepi. Lakini rezista za kaboni huongeza kelele nyingine pale volti inapokuwa kubwa kati ya ncha zake mbili. Kwenye hatua ya kwanza ya valvu ya 12AX7 (ile ndogo inayopokea mlio wa gitaa), rezista ya kiloohmu 100 inayolisha anodi, yaani bamba la ndani ya valvu, inaweza kubeba volti 100 au zaidi, na kelele yake inakuzwa na kila hatua inayofuata. Ibadilishe hiyo. Weka ya filamu ya metali, na ukipenda uende hadi ya hatua ya pili. Rezista ambayo haina volti ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kati ya ncha zake haitakulipa chochote ukiibadilisha, iache ilivyo. Yaani kati ya rezista zote zilizomo, zinazostahili jasho lako ni mbili au tatu.

Kapasita ndizo zenye porojo nyingi. Nitasema ninachoamini: kapasita ya filamu ya nanofaradi 22 isiyo na hitilafu ukiitoa, ukaweka nyingine ya filamu yenye thamani ile ile lakini bei mara kumi, umebadilisha bei. Kinachosikika ni thamani. Ile ya kwenye kathodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni) ikitoka mikrofaradi 22 ikawa 0.68, besi inapungua na mlio unakaza. Hapo hata asiyejua gitaa atageuka. Kinachosikika pia ni ubovu. Kapasita inayopitisha sauti kwenda valvu za mwisho ikianza kuvuja, volti ya DC inafika kwenye gridi (sehemu inayodhibiti mkondo wa valvu), valvu inavuta mkondo kupita kiasi, na bamba lake la ndani linaweza kuwaka jekundu. Hiyo haisubiri kesho. Zile za seramiki, vile visahani vidogo, ziko aina ambazo zikitikiswa huzalisha umeme kidogo. Fundi mzoefu, amplifaya ikiwa imewashwa, huzigonga moja moja kwa kijiti kikavu cha mti, mkono mwingine ukiwa mbali na kasha. Ile inayolia "to" kwenye spika imejitaja yenyewe.

Kwenye mngurumo, gitaa lako ni kipimo tosha. Piga uzi mnene kuliko zote, freti ya tatu: hiyo ni noti ya sol (G) ya hezi 98. Ikiwa umeme wa ukutani ni wa hezi 50 na mngurumo unalingana na noti hiyo, basi ni hezi 100, na wa kwanza kushukiwa ni kapasita kubwa za kuchuja umeme. Ukiwa chini yake kwa oktava moja, ni hezi 50: chunguza nyaya za kuwasha valvu, waya wa gitaa, au muunganisho wa ardhi. Kwenye umeme wa hezi 60, mngurumo wa kapasita za kuchuja utaukuta chini kidogo ya freti ya pili ya uzi wa tano. Kapasita hizi zina umajimaji ndani unaokauka kwa miaka na kwa joto, kwa hiyo kuzibadilisha ni matunzo ya kawaida, iwe amplifaya ni ya bei rahisi au ya bei ghali.

Lakini kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, na amplifaya ni nzima, nunua spika. Hapo ndipo viwanda hubana zaidi na hapo ndipo sikio hupata zaidi. Spika inayotoa desibeli 98 badala ya 95 kwa wati ile ile ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, wati 15 zikasikika kama 30. Hakikisha ohmu zinalingana na za mwanzo, na spika iweze kubeba wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye amplifaya, maana ikisukumwa hadi kukwaruza hutoa zaidi ya hizo. Hata amplifaya ya transista, isiyo na valvu, ambayo sioni faida ya kuipekua vipuri, hunufaika na spika nzuri.

Transfoma ya kutolea sauti nayo ina uzito wake: chuma kikiwa kidogo, besi hulegea. Ila nzuri inaweza kukaribia bei ya amplifaya yenyewe, na hapo ni afadhali uweke fedha hizo akiba ununue amplifaya nyingine.

Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Rekodi kipande kile kile, kwa gitaa lile lile, maikrofoni ikiwa pale pale, kabla na baada ya kulehemu, halafu mwombe mtu akuchezee rekodi hizo bila kukuambia ipi ni ipi.