Vioo, masega na mnunuzi asiyeuliza

Vioo vya pembeni vya gari langu viliibwa usiku, na asubuhi fundi akanipeleka duka moja la spea za mtumba. Kioo nilichopewa kilikuwa na weupe kwenye kona, mahali palipopigwa msasa. Hapo palikuwa na namba ya gari la mtu. Nilikirudisha. Fundi alinishangaa, maana bei ilikuwa nzuri.

Ndiyo maana naunga mkono kuwabana wanaonunua spea zinazoibwa sana. Mwizi hufungua kioo cha watu kwa sababu anajua kukicha yupo wa kukinunua bila maswali. Huko England na Wales, sheria ya 2013 inamkataza mnunuzi wa chuma chakavu kulipa taslimu, na inamtaka ahakikishe jina na anwani ya muuzaji. Hata hivyo, paladiamu na rodiamu, metali ghali zilizomo kwenye masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), zilipopanda bei kuanzia 2019, wizi wa masega ulipamba moto hukohuko.

Wenye maduka nao wana hoja nzito. Spea za mtumba kutoka Japani hushushwa kwa lundo, nyingi hazina namba wala risiti ya kipande kimoja kimoja. Ukidai asili ya kila bampa, umempa mkaguzi mla rushwa sababu ya kurudi dukani kila wiki. Na amri ya jumla haichagui: Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na waokota chuma ambao hawakuiba hata msumari wakafungiwa riziki pamoja na wezi.

Kwa hiyo orodha ya spea ambazo wanunuzi wake wabanwe iwe fupi: masega, vioo, taa, kontrol boksi (kompyuta ya gari). Masega ndiyo yatangulie. Kioo hufungwa kwenye gari jingine kikiwa kizima, na mwenyewe anaweza kukitambua hata baada ya miezi. Masega yakishasagwa ili kutolewa platinamu, hakuna wa kusema ni yake. Ushahidi unaishia kwa mnunuzi wa kwanza. Huyo aandike kitambulisho cha muuzaji na namba ya gari yalikotoka, kisha alipe kwa simu.

Gereji nazo zisisahauliwe. Wapo mafundi wanaomwambia mteja masega yameziba, wanayakata, wanaunga bomba tupu, kisha wanayauza wenyewe. Yakitolewa, hata kama yameziba kweli, mteja akabidhiwe mkononi pamoja na risiti ya kazi.