Ubuntu Haina Fundi Mtaani

Wiki iliyopita shemeji yangu alirudisha Windows kwenye kompyuta mpakato niliyomwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, siku tisa tu kabla ya hapo. Nilipomsimulia mkasa huo jamaa mmoja aliyebobea katika programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, alinijibu kwa mkato kwamba watu wa aina hiyo hawakustahili kuhamishwa tangu mwanzo. Jibu hilo limenikera kuliko Jumamosi yangu nzima iliyopotea, hasa likitoka kwa mtu anayetetea mfumo uliopewa jina lenye maana ya utu.

Shemeji anaendesha duka la stesheneri karibu na chuo. Mashine yake ni ya zamani mno kwa Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nilijiona nimemletea neema. Siku ya pili alinipigia simu kuniambia kwamba kibodi imekufa. Nilikuwa nimemtumia amri ya kusakinisha printa, na kila alipoandika neno la siri hakuona herufi wala nyota kwenye skrini. Kibodi ilikuwa nzima. Ndivyo terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ilivyozoea kuficha neno la siri, na mimi sikukumbuka kumwonya. Kisha akaja mwanafunzi na tasnifu iliyoandikwa kwa Calibri, fonti ya Microsoft ambayo Ubuntu haiji nayo. Kurasa zikasogea, jedwali la yaliyomo likapotoka, na mwanafunzi akaenda duka la jirani. Kuna fonti huria iitwayo Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, lakini shemeji angeijulia wapi?

Wageni wa Linux nao wana makosa yao, sikatai. Wapo wanaotaka Photoshop, programu ya kuhariri picha isiyotengenezwa kwa Linux, ifunguke kama kawaida, kisha wanapoikosa wanatukana mfumo mzima.

Hata hivyo, sisi wahubiri wa Linux tunajidanganya kwa jambo kubwa zaidi. Tunapiga kelele kwamba mfumo ni wa bure, tukidhani neno hilo litamvuta mtu ambaye hajawahi kununua leseni ya Windows maishani mwake. Kwake Windows ni ada ndogo anayomlipa kijana wa kibanda cha kona, ambaye huisakinisha pamoja na Office na antivairasi huku mwenye mashine akinywa chai, na mashine ikigoma mwezi ujao, kijana yupo palepale. Anachokiita urahisi wa Windows ni yule kijana. Tunapomhamisha tunamwondolea fundi, kisha tunamkabidhi kurasa za maelekezo zilizoandikwa kwa Kiingereza na wataalamu kwa ajili ya wataalamu wenzao, na akiuliza swali mara mbili tunamwita mvivu. Tafsiri ya menyu peke yake haikutosha kuziba pengo hilo: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwapo tangu 2004, na sijawahi kuiona kwenye kaunta ya duka lolote la stesheneri.

Mimi mwenyewe nilijifunza Linux nikiwa na rafiki aliyekaa chumba cha pili, ambaye nilimgongea mlango usiku wa manane zaidi ya mara moja. Leo najisifu kwamba nilijifunza peke yangu, na huo ni uongo mtupu.

Fundi aliyemrudishia shemeji Windows alitazama skrini yenye Ubuntu, akauliza ni kitu gani hicho, kisha akaifuta. Simlaumu. Jumamosi ijayo nitakwenda kwenye kibanda chake na flashi mbili, nimlipe ada yake ya kawaida ya usakinishaji, na kumwomba aniache nimwonyeshe namna ya kuweka printa na Carlito.