Viti 34 Nje, Viti 20 Ndani: Nani Alishinda Fife?

Matokeo ya uchaguzi wa halmashauri ya Fife, mashariki mwa Uskoti, uliofanyika tarehe 5 Mei 2022, ukiyapitia harakaharaka yana mshindi mmoja tu. SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitoe katika Ufalme wa Muungano na kuwa dola huru, kilipata madiwani 34. Labour walipata 20, Liberal Democrats 13, Conservative 8. SNP waliongeza viti vitano juu ya vile vya 2017. Labour walipoteza vinne. Mgeni angeuliza tu SNP wanakabidhiwa ofisi lini. Wiki chache baadaye aliyeshika uongozi wa halmashauri alikuwa David Ross wa Labour, na madiwani 34 wa SNP wameketi upinzani. Hata cheo cha heshima cha provosti, ambaye kazi yake kubwa ni kuongoza vikao na sherehe, kilibaki kwa Jim Leishman wa Labour, kocha wa zamani wa Dunfermline Athletic.

Halmashauri ina viti 75, na wingi ni 38. SNP walipungukiwa vinne. Labour na Liberal Democrats wakijumlishwa wanafika 33, yaani kiti kimoja chini ya SNP peke yao. Hakukuwa na diwani huru hata mmoja wa kubembelezwa. Waliobaki ni wale wanane wa Conservative, na hapo ndipo kioja kilipo. Chama hicho kilipata madiwani 15 mwaka 2017, safari hii kikatoka na karibu nusu. Kiliadhibiwa Uskoti nzima, kikapoteza zaidi ya viti 60, wiki tatu hivi baada ya polisi kumtoza faini Boris Johnson, kiongozi wake na waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, kwa sherehe iliyovunja masharti ya korona. Aliyepigwa kuliko wote ndiye aliyebaki na ufunguo mkononi. Wanane wale wangekaa kimya siku ya kumchagua kiongozi, SNP wangepita kwa kura 34 dhidi ya 33. Waliunga mkono Labour, na 33 zikawa 41.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliwakera watu, inabidi kuijua Fife kidogo. Sehemu yake ya kati na ya magharibi iliishi kwa makaa ya mawe. West Fife ilimpeleka bungeni mkomunisti, Willie Gallacher, mwaka 1935, ikakaa naye mpaka 1950. Kirkcaldy ndiko alikokulia Gordon Brown, waziri mkuu wa mwisho wa Labour kabla ya miaka 14 ya Conservative. Familia zilizopitia mgomo wa wachimba migodi wa 1984 na 1985 hazijamsahau Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative wakati ule, na si kwa wema. Kumwambia mzee wa Cowdenbeath au Lochgelly kwamba Labour wanatawala kwa hisani ya Conservative ni kumtonesha kidonda. SNP wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hawakuacha kulisema.

Hoja ya SNP haiishii kwenye machungu ya zamani. Chama kilichoongeza viti hakikupewa hata kipande cha madaraka, na kilichopoteza kikapewa yote. Zaidi ya hapo, kinachowaunganisha Labour, Liberal Democrats na Conservative ni kupinga uhuru wa Uskoti, ilhali halmashauri haina mamlaka yoyote juu ya uhuru wa Uskoti. Inashughulika na shule, nyumba za kupanga, matunzo ya wazee, taka na mashimo barabarani. Kwa nini swali la bendera liamue nani asimamie bajeti ya shule za msingi? Kwangu mimi hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, nzito kuliko ile ya idadi ya viti.

Lakini ina nyufa. SNP wenyewe hawajawahi kuiacha bendera nyumbani wanapogombea halmashauri. Kampeni zao za udiwani hupiga ngoma ileile ya kitaifa, kura ikielezwa kuwa ujumbe kwa London. Ukishaufanya uchaguzi wa mitaa kuwa kipimo cha uhuru, ni vigumu kulalamika wapinzani wa uhuru wakikuchukulia kwa maneno yako. Katika kura ya maoni ya 2014, asilimia 55 hivi ya wapiga kura wa Fife walikataa uhuru na 45 wakaukubali. Viti 34 kati ya 75 ni asilimia 45. Sidai kwamba watu ni walewale, maana wapo wafuasi wa Labour wanaotaka uhuru na wafuasi wa SNP wasiojali. Ila sadfa hiyo inaonyesha kwamba SNP walifika kwenye dari ambalo kwenye uchaguzi wa halmashauri limewashinda kulitoboa.

Ufa wa pili ni historia, na hapa ndipo malalamiko ya SNP yananishinda kuyabeba. Mwaka 2007 Labour ndio waliokuwa chama kikubwa Fife, kwa viti 24 kati ya 78 vya wakati ule. SNP walikuwa na 23 na Liberal Democrats 21. Hao wawili waliungana, wakawatoa Labour nje, na Peter Grant wa SNP akawa kiongozi wa halmashauri. Hapo hatukusikia kwamba chama kikubwa kimeporwa haki yake. Mwaka uleule kwenye bunge la Uskoti, Edinburgh, Alex Salmond wa SNP aliunda serikali ya wachache akiwa na viti 47 kati ya 129, na bajeti zake zikapita kwa kusaidiwa na kura za Conservative. Kwa hiyo msaada wa Conservative haukuwa najisi uliposaidia SNP. Tofauti ipo, Salmond alikuwa amewazidi Labour kwa kiti kimoja, lakini tofauti ya kiti kimoja haitoshi kujengea kanuni ya maadili.

Upande wa Labour nao una hoja mbili, moja imara na nyingine legelege. Ile imara ni mfumo wenyewe. Tangu 2007 mpiga kura wa halmashauri Uskoti haweki tiki moja. Anaandika 1 kando ya jina la anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayefuata, na kuendelea mpaka achoke. Kila wodi kati ya 22 za Fife hutoa madiwani watatu au wanne. Kura halali zikiwa 8,000 na viti ni vinne, mgombea anahitaji 1,601 ili apite. Za ziada yake huhamia kwa walioandikwa wa pili, na anayeshika mkia akitolewa kura zake huhamia vilevile. Diwani wa mwisho wa wodi mara nyingi huingia kwa kura za watu ambao hakuwa chaguo lao la kwanza. Mfumo wa namna hiyo hauulizi tu nani anapendwa na wengi, unauliza pia nani anavumilika. SNP hukusanya namba 1 nyingi, kisha hukwama, kwa sababu wafuasi wa vyama vinavyotetea muungano hupeana namba 2 na 3 wao kwa wao. Kilichotokea ndani ya ukumbi wa Fife House, Glenrothes, kilikuwa mwendelezo wa kilichotokea kwenye karatasi za kura.

Hoja legelege ni ile ya usafi. Kabla ya uchaguzi Anas Sarwar, kiongozi wa Labour Uskoti, alitangaza kwamba chama chake hakitaunda muungano rasmi na yeyote kwenye halmashauri, awe SNP au Conservative. Ahadi ilitimizwa kwa herufi. Fife hakuna mkataba wa muungano, hakuna ugawanaji wa vyeo vya uongozi na Conservative. Ila kiongozi akichaguliwa kwa kura 41, nane kati yake zikiwa za Conservative, na bila hizo asingechaguliwa, kukosekana kwa karatasi yenye sahihi kunamsaidia nani? Na Fife haikuwa peke yake. Edinburgh, SNP walikuwa wa kwanza kwa viti 19, lakini Labour wakachukua uongozi kwa viti 13 kati ya 63. Stirling, Labour walishika nafasi ya tatu kwa viti sita kati ya 23, wakaongoza. Sera ya kutoungana na mtu iligeuka kuwa sera ya kuegemezwa na wengine bila kuwataja.

Walioungana kwa maandishi angalau walibebeshwa mzigo wao. Baada ya 2007, SNP na Liberal Democrats walipandisha ada za huduma za wazee na wagonjwa majumbani. Novemba 2008 ukaitishwa uchaguzi mdogo wa ubunge Glenrothes, na mgombea wa SNP akawa Peter Grant huyohuyo, kiongozi wa halmashauri. Labour hawakumwachia nafasi ya kuzungumzia kingine. Kila mlango waliobisha walikuja na ada zile. Wakashinda kwa zaidi ya kura 6,000, ingawa umaarufu wa Brown katika wiki za msukosuko wa mabenki ulichangia. Mwaka 2012 Labour wakarudi na viti 35, na Liberal Democrats wakashuka mpaka 10, wakilipa pia deni la kuungana na Conservative huko London. Wapiga kura walijua nani alifanya nini. Kwa mpangilio wa 2022, bajeti ikipita na mkazi wa Methil akachukia kipengele fulani, Labour wanaweza kusema hawana wingi, Liberal Democrats waseme hawako kwenye uongozi, Conservative waseme walizuia tu SNP. Wote watakuwa wanasema kweli.

Njia ya tatu ilikuwepo, na Fife wenyewe waliwahi kuipitia. Mwaka 2017 SNP walipata 29 na Labour 24. Wakakubaliana kuongoza pamoja, na David Ross na David Alexander wa SNP wakawa viongozi wenza kwa miaka mitano. Ukiangalia mambo ya kila siku, vyama hivi viwili havitofautiani sana juu ya nyumba za halmashauri au chakula cha mchana shuleni. Lakini muungano wa wakubwa una madhara yake: madiwani 53 kati ya 75 walikuwa upande mmoja, na upinzani wa kweli ukaachiwa Conservative na Liberal Democrats. Hao wa mwisho ndio waliovuna kuliko wote 2022, kutoka 7 hadi 13, hasa kaskazini-mashariki kuelekea St Andrews, jimbo la ubunge ambalo mwaka 2017 liliamuliwa kwa tofauti ya kura mbili tu, SNP wakimshinda Liberal Democrat. Huko watu wameshajifunza kwamba kura ikitawanyika inaumiza.

Na madaraka yanayogombaniwa ni madogo kuliko kelele zake. Sehemu kubwa ya fedha za Fife inatoka kwa serikali ya Uskoti, iliyo mikononi mwa SNP tangu 2007. Oktoba 2023 Humza Yousaf, waziri mkuu wa Uskoti wakati ule, alitangaza kwenye mkutano wa chama chake kwamba kodi ya halmashauri, ile inayotozwa kwa nyumba, haitapandishwa mwaka uliofuata. Halmashauri zilisikia tangazo kama wananchi wengine, na hasira hazikuwa za Labour peke yao. Hapo kila mmoja anapata wa kumlaumu. Serikali ya Uskoti, Edinburgh, inasema fedha zimetolewa, halmashauri, Glenrothes, inasema hazitoshi, na aliyekaa upinzani Glenrothes ni chama kilekile kinachoongoza serikali hiyo. SNP wa Fife walipata nafasi ya ajabu: kulalamikia huduma bila kuwajibika nazo, huku wakitetea bajeti iliyozibana. Sina hakika kama kukosa uongozi kuliwaumiza kisiasa kama wanavyosema.

Uamuzi wangu ni kwamba Labour walikuwa na haki kamili ya kuchukua uongozi. Chama kisicho na wingi hakina hatimiliki ya madaraka kwa sababu tu kimewazidi wengine mmoja mmoja. SNP walilitenda hilo 2007 na walikuwa sahihi wakati ule pia. Kosa la Labour liko kabla ya kura. Kusema “hatutaungana na yeyote” bila kusema “tutapokea kura za yeyote” ni kumpa mpiga kura nusu ya habari, tena ile nusu isiyo na uchungu. Na kama 2022 ni asilimia 44.8 tu ya walioandikishwa Uskoti waliojitokeza, mchezo wa maneno wa aina hii hauwezi kuwa dawa ya kuwaleta wengine.

Wapiga kura hao ni pamoja na watu wetu. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda anayeishi Uskoti kihalali anaweza kupiga kura hizi kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo na Mrundi walilazimika kusubiri sheria ya 2020 iliyofungua mlango kwa wageni wote wenye kibali cha kuishi, wakimbizi wakiwemo; uchaguzi mkuu wa kwanza wa halmashauri chini ya sheria hiyo ulikuwa huu wa 2022. Watoto wao wanapiga kura wakifika miaka 16. Uchaguzi unaofuata ni Mei 2027. Mgombea akibisha hodi Kirkcaldy au Dunfermline, swali la mashimo barabarani anakuja na jibu lake tayari. Aulizwe kwanza, chama chake kisipofika 38, yeye binafsi atampigia nani kura ya kuongoza halmashauri, na ni kura za nani hatazipokea.