Binti wa Kigoma akiikosa hii chanjo kinachomsubiri ni treni

Juzi kijana wangu wa miaka 12 karudi na fomu ya shule hapa Manchester, nisaini achomwe chanjo ya HPV, kile kirusi cha kansa ya mlango wa kizazi. Nikashangaa, mtoto wa kiume na kansa ya mlango wa kizazi wapi na wapi? Kumbe kirusi ni hichohicho kinaleta na kansa ya koo na ya uume, na wavulana wanakipata na kuwapa wenzao. Huku wasichana walianza 2008, wavulana 2019, siku hizi dozi moja tu.

Nikasaini, picha nikarusha grupu la ukoo. Weee! Shangazi kashusha voisi noti ya dakika nne, eti inafunga uzazi, wazungu wanatupunguza. Nikamwambia shangazi, mabinti waliochomwa 2008 sasa hivi wana miaka 30 hivi na wanasukuma vigari vya watoto mtaani kwangu hapa, tena wale waliochanjwa na miaka 12, 13 kansa hiyo imepungua kwa asilimia 87. Akajibu kwa stika ya maombi.

Na bongo chanjo ipo tangu 2018, bure, na tangu 2024 ni sindano moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14. Yaani hapo binti wa Ujiji hajapitwa na wa huku. Anapitwa mbele ya safari, maana mi nikifikisha muda wa kupima mlango wa kizazi barua inanifuata mlangoni, kwetu kipimo cha siki (wanaipaka hapo kwenye mlango waone kama kuna dalili) kipo na majibu hapohapo ila nani anakukumbusha? Mama mdogo alitokwa damu miezi kibao, duka la dawa wanampa vidonge vya UTI, kansa inagundulika, tayari ni kupanda treni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar, mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, analala kwa ndugu Mbagala na kapu lake la migebuka mikavu kama zawadi. Hakurudi Kigoma akiwa hai.

Ndo maana wakisema ni chanjo ya wazungu nachoka. Mzungu akiikosa ana barua, ana hospitali dakika ishirini kwa basi, sisi tuna nini?

Binti wa kaka yangu ana miaka 11, yuko darasa la tano pale Mwanga, Kigoma. Nimempigia kaka jana, kasema sawa, ila ngoja kwanza amuulize shangazi.