Mtoto Anapookota Kibanio

Mtu mzima anaanika nguo kwenye kamba, kibanio kinamponyoka na kuanguka, naye anakinyooshea mkono asikifikie. Mtoto wa miezi 18, ambaye si wake, anakitazama kibanio, anamtazama mwenyewe usoni, kisha anakiendea, anakiokota na kumkabidhi. Hakuombwa wala hakuahidiwa chochote. Hilo ni mojawapo ya majaribio ambayo Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2006. Kati ya watoto 24, 22 walisaidia angalau mara moja. Kibanio kilipotupwa kwa makusudi, kwa kawaida watoto walikiacha palepale.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Mtoto ambaye bado hawezi kuunga sentensi amekwisha kutambua kwamba mwenzake anataka kitu na amekikosa, kwa hiyo huruma yake ni kazi ya akili pia, wala si ya moyo peke yake.

Wala si ya binadamu peke yetu. Katika Kisiwa cha Ngamba, Uganda, sokwe walimpatia mtu fimbo aliyoshindwa kuifikia, wapewe tunda au wasipewe. Huku Gombe, mwaka 1987, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na wenzake walimwona Spindle, dume kijana wa miaka kama 12, akimchukua Mel, yatima wa miaka mitatu asiye ndugu yake, akimbeba mgongoni, akigawana naye chakula na kumpokea usiku katika kiota chake.

Ndiyo maana nasikitika tunapoamini kwamba wema wa mtoto hauna budi kununuliwa. Mwaka 2008 Warneken na Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliozoeshwa zawadi kila waliposaidia, baadaye walisaidia kwa uchache kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Nami nimewahi kumpa mpwa wangu peremende kwa kunishikia fagio la chelewa, na siku nyingine, nikiwa na haraka, nimemfukuza kwa kuwa anautawanya uchafu nilioukusanya. Siku hizi namwachia. Kazi ya dakika tano huchukua kumi na tano, vumbi hurudi mlangoni mara mbili, nami humwambia ahsante.